Ukoo wa Mzee Mbwana: dawa ya ba'mdogo

Ba'mdogo Rashidi: Asalaam aleikum ukoo. Majibu yametoka chembe nyeupe zimerudi kawaida kabisa alhamdulillah. Sasa nauliza hii dawa yangu ya kansa, Glivec, siwezi kumeza siku moja nikaruka moja? Kila asubuhi macho yamevimba na usiku miguu inakaza mpaka napiga kelele

Shangazi Zuhura: Mashallah!! Pumzika kaka madawa ya kansa sumu hayo, ntakuletea mwarobaini

Mwanaidi: Shikamooni. Ba'mdogo usiruke hata siku moja tafadhali!! naandika, wateja wamejaa hapa dirishani

Shangazi Zuhura: Marahaba mfamasia wetu

Mwanaidi: Haya. Shangazi hii siyo kama zile za dripu. Kansa ya ba'mdogo ni CML, kansa ya damu, kwenye uboho ndani ya mifupa kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) namba 9 na 22 zimebadilishana vipande, hapo ikazaliwa protini inaitwa BCR-ABL ambayo ni kama swichi iliyokwama kwenye kuwaka, inatuma ishara usiku na mchana, seli izaliane na isife. Ishara zinapita njia kadhaa, RAS, PI3K, STAT5, ila zote zinaishia hukohuko

Juma: isife? kwani seli huwa zinakufaga zenyewe?

Mwanaidi: Kila siku Juma, tena kwa mabilioni, ikizeeka au ikiharibika inajimaliza. Ndani kuna protini za kusukuma kifo kama BIM na za kukizuia kama BCL-XL. Sasa BCR-ABL inaikandamiza BIM na kuiongeza BCL-XL. Glivec inaziba pale BCR-ABL inapochukulia nguvu, ishara zinakatika, BIM inapanda, mitokondria (vile vinu vya nguvu vya seli) zinatoboka na vimeng'enya vinaitwa kaspesi vinaikatakata seli kwa ndani. Yaani dawa haiiui, inaondoa kilichokuwa kinaizuia kufa

Mjomba Kassim: Ndo ugonjwa uliomuondoa babu Sudi mwaka 94 huu

Mwanaidi: Ndiyo mjomba, na wakati ule dawa hii haikuwepo, Marekani wameiidhinisha 2001. Kabla ya hapo wengi walikuwa wanaishi miaka michache tu 😔

Juma: na seli nzima mbona hazifi

Mwanaidi: Hazitegemei ishara hiyo moja. Ila dawa inagusa na ishara zingine kidogo, ndo hayo macho na kukaza misuli. Ba'mdogo mwambie daktari wako, yanatibika hayo, usijipunguzie mwenyewe kimyakimya

Ba'mdogo Rashidi: Lakini damu si imeshakuwa safi mwanangu?

Mwanaidi: Kuhesabu chembe hakuoni kila kitu. Kuna seli mama kwenye uboho hata ukiizima BCR-ABL hazifi kirahisi, zina ishara zingine zinazozishikilia. Ukiruka dozi dawa inashuka, ishara inarudi, zinazaliana, na katika kuzaliana huko inaweza ikatokea moja ambayo protini yake imebadilika umbo dawa isishike tena. Badiliko moja linaitwa T315I, hilo hata dawa ndugu za Glivec, dasatinib na nilotinib, haziliwezi

Juma: mbona nimesoma kuna watu wameacha na wako fresh

Mwanaidi: Wapo, waliomeza miaka na PCR, kipimo cha damu kinachotafuta mabaki ya BCR-ABL, ikakaa muda mrefu haioni kitu, halafu wanaacha kwa ruhusa ya daktari na wanapimwa mara kwa mara. Hata hao karibu nusu inawarudia. Ba'mdogo ana miezi tu

Shangazi Zuhura: Sasa mwarobaini una ubaya gani jamani

Mwanaidi: Shangazi dawa hii inavunjwa na ini, ukichanganya na miti shamba hujui itapanda au itashuka, aulizwe daktari kwanza. Balungi nalo hapana kabisa, linalizuia ini kuivunja dawa inazidi mwilini. Machungwa ya kawaida ale. Na siku akipewa dawa za TB aseme yuko kwenye Glivec, rifampicin inaishusha sana

Ba'mdogo Rashidi: Nimekuelewa. Nilikuwa nameza tumbo tupu pia

Mwanaidi: Aaah ndo maana kichefuchefu! Meza na chakula na glasi kubwa ya maji

Mjomba Kassim: Hiyo PCR bei gani tuchange mapema, siyo siku yenyewe ndo tuanze kutafutana

Ba'mdogo Rashidi: Ntauliza kliniki jumatatu inshallah

Shangazi Zuhura: Haya basi lile gunia la mabalungi nililotoka nalo Muheza mje mgawane, kaka asionje 😂

Juma: nakuja na bodaboda