Mjadala: Ugumu wa kuongeza marafiki kwenye konsoli unamlinda nani?

Mfungua mada (Kampala)

Ndugu wasomaji, hoja ninayoileta mbele yenu ni hii: kampuni zinazotengeneza konsoli za michezo zimeweka vizuizi vingi kati ya wachezaji wanaotaka kuwa marafiki mtandaoni, na zikiulizwa sababu hutaja usalama wa watoto. Mimi nadai kwamba sehemu kubwa ya vizuizi hivyo haimlindi mtoto yeyote, bali huwachosha watu wanaofahamiana tayari, huku mgeni mwenye nia mbaya akipenya kama kawaida. Karibuni mnipinge.

Anayetaka kuona kero hii ilikoanzia atazame historia ya Nintendo, kampuni ya Kijapani ya michezo. Konsoli yake ya Wii, iliyotoka mwaka 2006, ilikuwa na namba ya urafiki (ile unayompa mwenzako ili akuongeze) yenye tarakimu 16, lakini namba hiyo haikutosha, kwa kuwa michezo ya mtandaoni ilitoa namba zake nyingine zenye tarakimu 12. Aliyetaka kushindana na binamu yake katika Mario Kart Wii alilazimika kuipata namba ya mchezo huo, kuiingiza tarakimu moja baada ya nyingine, kisha kusubiri hadi binamu naye aingize ya kwake, maana upande mmoja ukisahau, urafiki haukuwepo. 3DS ya mwaka 2011 ilipunguza adha kwa kutoa namba moja kwa kifaa kizima, na Wii U ya mwaka 2012 ikaruhusu watu watafutane kwa jina, hata wengi wetu tukadhani mambo yamekwisha. Ilipokuja Switch mwaka 2017, tarakimu 12 zikarudi, safari hii zikitanguliwa na herufi SW. Kwa muda Switch iliweza pia kukupendekezea marafiki kupitia Facebook na Twitter, lakini njia hiyo ilifungwa Juni 2024. (Sisi wa Uganda hatukupoteza mengi hapo, kwa sababu Facebook yenyewe imezuiwa nchini tangu Januari 2021.)

Sasa tuulizane kama namba hizo zilifanya kazi iliyokusudiwa. Mwishoni mwa Oktoba 2013 Nintendo ilisimamisha huduma ya 3DS iliyokuwa ikiwawezesha marafiki kutumiana barua za mkono na picha, na maelezo yake yalikuwa wazi: baadhi ya watumiaji, wakiwamo watoto, walikuwa wakibadilishana namba za urafiki kwenye mbao za matangazo za intaneti, kisha wakaitumia huduma hiyo kupelekeana mambo yasiyofaa. Yaani namba ilikuwa ngumu kukumbuka na ngumu kuandika, lakini haikuwa ngumu hata kidogo kuibandika mahali ambapo kila mtu angeiona. Mtoto aliyeshindwa kumpata mwenzake wa darasani kwa jina alilazimika kuitangaza namba yake, na aliyekuwa akiwinda watoto hakuhitaji zaidi ya kuisoma.

Siombi milango yote iachwe wazi. Microsoft ilijaribu kitu kinachokaribia hapo: kwenye konsoli yake ya Xbox One ya mwaka 2013 mtu aliweza kukufuata bila kusubiri ukubali, na wachezaji wakalalamika kwamba hawajui tena nani ni rafiki na nani ni mtazamaji tu, hadi mwaka 2024 maombi ya urafiki yanayohitaji kukubaliwa yakarudishwa. Ninachoomba ni kwamba kizuizi kiwe kwenye kukubali, si kwenye kutafutana.

Mzazi wa watoto watatu (Ntinda)

Kaka, umepanga hoja zako vizuri, lakini mfano wako wa mwaka 2013 mimi nausoma kinyume. Unaonyesha kwamba hatari ipo kweli, na kwamba kampuni ililazimika kufunga huduma nzima kwa sababu hiyo. Kama watoto walipatikana na watu wabaya hata pale namba zilipokuwa za usumbufu, wangepatikana wangapi kama jina tu lingetosha?

Kijana wangu wa miaka kumi na mmoja anacheza Fortnite, mchezo wa mtandaoni. Jioni moja nilikaa naye nikaifungua orodha yake ya marafiki, nikamwomba anieleze kila jina ni la nani. Majina mawili ya kwanza yalikuwa ya watoto wa jirani. Yaliyofuata yalikuwa maneno yasiyo na maana yaliyofungwa kwa tarakimu, na kila nilipouliza jibu lilikuwa lile lile, kwamba walicheza pamoja. Walicheza pamoja lini? Mechi moja. Mmoja wao alikuwa amemwandikia kumuuliza anasoma shule gani. Huenda ni mtoto mwenzake na swali lake halina ubaya, lakini mimi sina namna ya kujua. Rafiki wa mtaani hupita getini kwangu, hunisalimia, nami humjua mama yake. Huyu wa kwenye skrini hapiti popote.

Ndiyo maana mimi napenda ugumu. Tarakimu kumi na mbili humlazimisha mtoto aje aniombe simu yangu ili amwandikie mama wa mwenzake, na katika kuomba huko ndimo ninamopata nafasi ya kuuliza. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kukusanywa. Mfumo wa kutafuta kwa jina utaniuliza mimi saa ngapi?

Mwenye ukumbi wa michezo (Wandegeya)

Wote wawili mnazungumza kana kwamba kila mtoto ana konsoli yake na akaunti yake. Njooni mwone kwangu. Nina mashine chache, vijana hulipia kwa mechi, na mashine zote zinatumia akaunti za ukumbi. Orodha ya marafiki iliyomo humo si ya mtu yeyote: imejaa watu walioongezwa na vijana walioacha kuja zamani, na ombi jipya likiingia, anayelikubali ni yule tu aliyeshika pedi wakati huo. Kuna wanaoingiza akaunti zao wenyewe, kisha muda wao unakwisha, wanaondoka bila kutoka kwenye akaunti, na anayefuata anaanza kuwatukana marafiki wa mwenzake kwa jina la mwenzake. Mimi sasa nawakagua kabla hawajainuka.

Kero kubwa zaidi hapa kwangu, hata hivyo, ni ya vizazi vya mashine. Kijana anayecheza kwenye PS4, PlayStation ya zamani ya Sony, ana kaka yake Dubai mwenye PS5, ile mpya. Wameongezana, kila mmoja anamwona mwenzake yuko mtandaoni, lakini wakifungua mchezo wa soka wa EA Sports FC 24 hawakutani, kwa sababu toleo la PS5 hucheza na Xbox Series na kompyuta, na la PS4 hucheza na Xbox One. Dawa ni kaka kupakua toleo la PS4 kwenye PS5 yake, ambalo ni kubwa na huchukua nafasi. Na mwenye Xbox hatakuona kabisa kwenye orodha ya PlayStation. Lazima mwongezane upya ndani ya mchezo wenyewe. Hapo usalama wa mtoto unaingiaje?

Fundi wa mitandao (Mbarara)

Nitazungumzia hatua inayofuata baada ya ombi kukubaliwa, kwa sababu huko ndiko wateja wangu wengi wanakokwama. Majina yapo kwenye orodha, mmoja anamwalika mwenzake, kisha unatokea ujumbe wa kushindwa kuunganishwa, na kabla ya kuniita kila mmoja ameshamshuku mwenzake kuwa amemzuia. Nimeona ndugu wakinuniana kwa jambo hili.

Mara nyingi kisa ni NAT, yaani utaratibu wa kuvipitisha vifaa vingi kwenye anwani moja ya intaneti. Wengi wetu hucheza kwa intaneti ya simu, na kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya umma, kwa kuwa anwani za mfumo wa zamani wa intaneti hazitoshi. Konsoli mbili zilizo nyuma ya anwani za namna hiyo hazipati njia ya kufikiana moja kwa moja. PlayStation huiandika hali hiyo kuwa NAT aina ya 3, na Switch hutumia herufi, A ikiwa bora na D ikiwa ya matatizo. Mtu akifungua mipangilio ya mtandao na kupima muunganisho ataiona papo hapo, kabla hajamlaumu mtu. Michezo inayopitisha kila kitu kwenye seva ya kampuni haiathiriki sana. Inayounganisha konsoli kwa konsoli, pamoja na mazungumzo ya sauti, ndiyo inayoumia. Ruta ya nyumbani inaweza kurekebishwa kwa kuwasha UPnP (mpangilio unaoiruhusu konsoli ijifungulie njia kwenye ruta), lakini kizuizi kikiwa kwa mtoa huduma hakuna la kufanya nyumbani, ni kuomba anwani ya umma, nayo kwa kawaida hulipiwa.

Mwanafunzi wa chuo (Gulu)

Naomba nami niutetee ugumu, ingawa kwa sababu isiyo ya heshima sana. Kwetu kukataa ombi la urafiki la shemeji ni kutangaza ugomvi wa ukoo. 3DS ilikuwa na ukomo wa marafiki 100, na ukomo huo ulikuwa kisingizio kizuri kuliko vyote. PS4 ilipokuja na nafasi 2,000, nilikosa la kusema.

Mfungua mada (Kampala)

Mdogo wangu wa Gulu, hilo la shemeji ni zito, na sina jibu lake. Fundi ametusaidia kutenganisha mambo, na ningependa kila anayelalamika hapa apime kwanza aina yake ya NAT. Lakini narudi kwa mama wa Ntinda, kwa sababu hoja yake ndiyo nzito.

Mama, unachokitaka ni kuulizwa. Nakubaliana nawe kabisa, na kampuni zote tatu, Nintendo, Microsoft na Sony, zinaruhusu mzazi kuunda akaunti ya mtoto chini ya yake na kuweka mipaka ya nani anaweza kuwasiliana naye. Kasoro ni kwamba kwenye PlayStation sisi hatuwezi kuiunda kwa ukweli. Orodha ya nchi unazoweza kuchagua unapojiandikisha kwenye PlayStation Network (PSN), huduma ya mtandaoni ya Sony, kwa miaka mingi imekuwa na nchi moja tu ya kusini mwa Sahara, Afrika Kusini, Uganda haimo. Mzazi wa Kampala anayefuata utaratibu wote wa kumlinda mwanawe huanza kwa kudanganya kwamba anaishi London au Johannesburg, na nchi aliyoichagua siku hiyo haibadilishwi tena. Jambo hili lilidhihirika Mei 2024, Sony ilipowataka wachezaji wa Helldivers 2 wanaotumia kompyuta waunganishe akaunti za PSN: mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, na Sony ikaliacha sharti hilo ndani ya siku chache kwa kelele za wanunuzi.

Uongo huo wa mwanzo una gharama. Julai 2025 Microsoft iliwatangazia wenye akaunti za Xbox za Uingereza kwamba watu wazima watapaswa kuthibitisha umri wao, na kwamba kuanzia mwanzoni mwa 2026 asiyethibitisha atabaki kuwasiliana na marafiki zake tu. Kwa Mwingereza hilo ni kinga. Mganda aliyejiandikisha kama Mwingereza atatoa kitambulisho gani? Na Sheria yetu ya 2019 uliyoitaja, mama, inamfikiaje mtoto ambaye kwa kumbukumbu za kampuni ni mkazi wa Manchester?

Kwa hiyo naibana hoja yangu zaidi. Watu watafutane kwa jina. Ombi la kwenda kwa mtoto lipelekwe kwenye simu ya mzazi kabla mtoto hajaliona. Na wasimamizi wetu, Tume ya Mawasiliano ya Uganda pamoja na wenzao wa Afrika Mashariki, wazidai kampuni hizi zitutambue tulipo. Soko la Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja si dogo la kupuuzwa.

Mzazi wa watoto watatu (Ntinda)

Ombi kupita kwenye simu yangu kwanza, hilo nalikubali leo hii, na likiwapo sitazidai tena tarakimu kumi na mbili. Lakini nikumbushe kwamba huyu mwenye ukumbi wa Wandegeya hajajibiwa. Akaunti ya ukumbi haina mzazi, na wanangu wote wawili wakubwa hupita kwake wakitoka shule. Yeye mwenyewe atuambie: ombi likiingia kwenye mashine yake, simu itakayolia ni ya nani?