Wakala wa vibali ametula fedha na msimu: "Afrika Mashariki ni moja, fundi wenu aje tu"

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika kutoka Njombe, nikiwa na hasira niliyoikalia kwa wiki sita, na ninaomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu kisa hiki kikifupishwa kitaonekana kuwa ni uzembe wetu tu. Sehemu ya uzembe ni yetu kweli, nami nitaikiri mahali pake.

Mimi ni afisa utumishi katika kituo kidogo cha kufungashia parachichi, chenye vibarua wapatao 40 msimu unapochanganya. Tuna vyumba viwili vya ubaridi. Jamaa zetu wa Dar es Salaam hutucheka wakisikia kwamba hata Njombe kunahitajika majokofu, lakini baridi ya nje hupanda na kushuka, ilhali parachichi la Hass linalosubiri wiki kadhaa za melini linataka nyuzi tano au sita zisizoyumba usiku na mchana. Msimu uliopita kompresa ilitusumbua mara tatu, na kila mara tulimsubiri fundi apande basi kutoka mbali huku matunda yakilainika. Ndipo uongozi ukaamua kuajiri fundi wa mitambo ya ubaridi kwa mkataba wa miaka miwili, aiendeshe mitambo hiyo na wakati huohuo awafundishe vijana wetu wawili waliotoka VETA. Tuliyempata ni Mkenya kutoka Murang'a, mwenye stashahada na miaka 14 ya kazi hiyohiyo ya parachichi.

Najua swali la kwanza litakalokuja: kwa nini si Mtanzania? Tulimtafuta. Tulipiga simu, tukauliza kwa wenzetu wa Makambako, Mafinga na Rungwe, na wawili walikuja kuzungumza nasi; mmoja alipata kazi kubwa zaidi kabla hatujakubaliana mshahara, na wa pili, kijana mwaminifu kabisa, alisema mwenyewe kwamba amezoea majokofu ya madukani. Kosa letu ni kwamba utafutaji huo wote ulifanyika kwa mdomo. Hatukutoa tangazo, hatukutunza barua za maombi, hatukuandika popote matokeo ya usaili. Hilo ni letu, na tumelilipia.

Sasa njoo kwa wakala. Ni kampuni yenye ofisi nzuri, stempu tatu na kalenda ya ukutani yenye picha ya ndege ikiruka. Tulimlipa shilingi milioni 2 na laki 8 kama ada ya ushauri peke yake, mbali na ada za serikali, kwa makubaliano kwamba atatushika mkono tangu mwanzo hadi fundi atakapokuwa kazini kihalali. Nilipomuuliza kama fundi asubiri kwao mpaka vibali vitoke, alinijibu kwa maneno ambayo ninayo hadi leo kwenye simu yangu: "Dada, Afrika Mashariki ni moja, fundi wenu aje tu, karatasi zitamkuta hukohuko." Nikamwamini, kwa sababu ndicho nilichokuwa nimemlipa: kujua nisichokijua.

Ninachomlaumu ni kwamba alichanganya haki ya kuingia nchini na haki ya kufanya kazi, na hivi ni vitu viwili. Ni kweli kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, humruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia bila viza na kupewa ruhusa ya mgeni ya hadi miezi sita bila malipo. Lakini katika itifaki hiyohiyo, upande wa ajira kila nchi iliorodhesha aina za kazi ilizozifungua, na Tanzania haikuifungua kila kazi. Na hata kwa kazi zilizofunguliwa, anayeajiriwa kwa zaidi ya siku 90 bado anapaswa kuomba kibali cha kazi. Muhuri aliogongewa fundi wetu pale Namanga ulimruhusu kumtembelea shangazi, kununua viazi vya Makete na kupiga picha kwenye maporomoko. Haukumruhusu kushika bisibisi ndani ya kituo chetu.

Fundi alifika mwezi wa Mei, na kwa siku 19 vyumba vya ubaridi vilitulia kuliko nilivyowahi kuviona. Siku ya 20 walikuja wakaguzi. Walikuwa watu wenye adabu, na siwalaumu kwa lolote. Waliomba vitu viwili, kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, nami nikawaonyesha pasipoti yenye muhuri wa mgeni na risiti ya wakala. Mmoja wao aliitazama risiti ile, akanitazama mimi, akanirudishia bila kusema neno, na ukimya ule uliniuma kuliko kama angenikaripia. Fundi aliagizwa asiguse kazi yoyote, akarudi kwao ndani ya muda aliopewa, nasi tukaandikiwa onyo tukielezwa kwamba safari ijayo itakuwa mahakamani. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 humkamata mwajiri pia, si mgeni peke yake.

Baada ya hapo nilimtaka wakala anipe nakala ya kila alichokituma kwa niaba yetu. Alinizungusha siku nane. Nilipozipata nyaraka hizo nilikaa nazo mezani mpaka chai ikapoa.

Kwanza, madaraja. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, na kina madaraja yake: A kwa wawekezaji, B kwa taaluma zilizoainishwa, C kwa taaluma nyinginezo, D kwa watu wa taasisi za dini na za hisani, E kwa wakimbizi. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji, nacho kina madaraja yake yanayotumia herufi zilezile kwa maana tofauti: A ni ya wawekezaji, B ni ya waajiriwa, na C ni ya wanafunzi, watafiti, wamishonari, watu wa kujitolea na wengine wa namna hiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kabisa kuwa na kibali cha kazi cha Daraja C na kibali cha ukaazi cha Daraja B, na wala hakuna kosa. Aliyeweka mpangilio huu wa herufi hakuwahi kukaa na wahasibu, nadhani, lakini mtu anayeishi kwa kuuza ushauri wa vibali hana udhuru wa kuukosea. Wakala wetu aliandaa C na C. Katika rasimu ya maombi ya ukaazi fundi wa kompresa amegeuka kuwa mmishonari, na chini yake nimeona mahali pa saini yangu.

Pili, na hapa ndipo hasira yangu ilipovuka mpaka, kuna mpango wa urithishaji. Mwajiri anayeomba kibali hutakiwa kuonyesha ni Mtanzania gani atakayerithishwa ujuzi wa mgeni, kwa hatua zipi na ndani ya muda gani. Mimi kipengele hiki nakiunga mkono kwa moyo wote, maana kibali chenyewe hakizidi miezi 24 kwa mkupuo mmoja, na kama katika muda huo vijana wetu hawajajifunza kitu basi tumemleta mgeni wa kututunza badala ya kutufundisha. Nilimwandikia wakala kurasa nne: mwezi wa kwanza hadi wa tatu kusoma mifumo ya umeme ya kompresa, mwezi wa nne kujaza gesi na kutafuta uvujaji, na kuendelea hivyo, pamoja na majina ya vijana wawili na vyeti vyao. Kilichotumwa si kurasa zangu. Kilichotumwa ni mpango wa mgodi. Umeandikwa kwamba kijana wetu, mtoto wa Ludewa ambaye hajawahi kuingia shimoni, atarithishwa "usimamizi wa ulipuaji wa miamba chini ya ardhi". Jina la kijana limebandikwa juu, mengine yote ni ya mteja mwingine, na sehemu moja wamesahau hata kulifuta jina la mgodi. Kwa kurasa hizo tulilipa laki 8 zilizoandikwa kwenye ankara kama "uandaaji wa nyaraka maalumu".

Tatu, vyeti. Stashahada ya fundi ilitumwa bila kuthibitishwa na wakili, wasifu wake ukaishia mwaka 2019, na maelezo ya kazi hayakufanana na mkataba: huku anaitwa fundi, kule anaitwa meneja. Ombi lililorudishwa kwa sababu kama hizo haliwezi kuitwa urasimu, ingawa ndivyo wakala alivyonieleza kwenye simu, kwamba "hawa watu wa serikali wanasumbua".

Wapo wanaosumbua pia, nisiwaonee haya. Nilipoamua kulifuatilia jambo hili mwenyewe, dirisha moja liliniambia nianze na ukaazi, na dirisha la pili likaniambia ukaazi haushughulikiwi bila kibali cha kazi, na hilo la pili ndilo lililokuwa sahihi. Lakini nililijua hivyo baada ya kupoteza siku mbili, nauli, na usiku mmoja wa gesti. Maombi yenyewe hufanywa mtandaoni na malipo hupita kwa kumbukumbu namba, na mfumo huo ukifanya kazi ni jambo jema sana kwa sisi wa nyanda za juu, ambao zamani kila karatasi ilitudai safari. Hata hivyo nimesafiri hadi Dodoma mara moja, kwa barabara ya Iringa na Mtera, kwenda kueleza kwa mdomo kwamba sisi si mgodi.

Kuna diwani mmoja wa huku aliyeniambia nisihangaike, kwa kuwa wageni wamekatazwa kugusa parachichi. Alikuwa akizungumzia agizo la Julai 2025 linalowazuia wasio raia kufanya biashara 15 zilizotajwa, mojawapo ikiwa ununuzi wa mazao shambani. Agizo hilo linamhusu mgeni anayezunguka mashambani kununua mazao ya wakulima. Halimhusu mwajiriwa wa mshahara anayetengeneza mtambo wa kampuni.

Na kuna jambo moja ambalo wakala hakuwahi kulitaja, nami nililisoma mwenyewe nikiwa nimechelewa. Kwa mtaalamu anayekuja kukagua au kutengeneza mitambo kwa muda usiozidi siku 90, ipo njia ya viza ya biashara, ambayo ada yake ya kawaida ni dola 250. Haimfai mwajiriwa wa miaka miwili. Lakini kwa matengenezo tuliyoyahitaji msimu uliopita, kabla hata hatujafikiria mkataba mrefu, tungeweza kumleta mtaalamu kihalali kutoka nchi yoyote, na hakuna aliyetuambia.

Hali ilivyo leo ni hii. Nimetoa tangazo la kazi upya, safari hii gazetini na kwenye mbao za matangazo, nikakaa na waombaji sita, nikaandika kumbukumbu za usaili wa kila mmoja. Mmoja wao, binti wa Tukuyu, ni mzuri kiasi kwamba tumemwajiri kuwa mrithi wa kwanza wa fundi, na jina lake limeingia kwenye mpango mpya niliouandika kwa mkono wangu. Maombi yamewasilishwa. Fundi anasubiri kwao. Chumba cha pili cha ubaridi kimezimwa, na wakulima wetu wanapeleka matunda kwa madalali kwa bei wanayopangiwa barabarani.

Wakala amekataa kurudisha hata shilingi, akidai kwamba mkataba wake unasema "huduma imetolewa". Naomba mwenye uzoefu wa kudai fedha za namna hii anieleze alianzia wapi na ilimchukua muda gani. Sitalitaja jina la kampuni hapa. Shauri likifika panapostahili litajulikana. Na tafadhali, asije mtu kunipa namba ya "mtu wake wa uhakika".

Jana jioni, baada ya ukimya wa wiki tatu, kampuni hiyohiyo imenitumia ujumbe wa simu. Inatukumbusha, kama mteja wake wa thamani, kuhuisha kibali cha mfanyakazi wetu kabla hakijaisha muda, na inatoa punguzo la asilimia 10 kwa tutakaolipa mapema.