Nimekatiwa simu hewani na YULE MCHAMBUZI, eti "rudi ukabangue korosho"!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikipinda mnivumilie.

Mnamjua. Simtaji. Yule wa kipindi cha michezo redioni asubuhi, sauti kama amemeza spika ya harusi, anayejua vyumba vya wachezaji kuliko wenye vyumba. Huyo huyo.

Leo ni siku ya TISA wanajadili lile sakata la mshambuliaji, mkewe na yule dada wa video. Siku tisa! Wameshamhoji jirani, wakamhoji muuza chipsi wa mtaa wao, wakamhoji shangazi wa muuza chipsi. Amebaki mbuzi wa nyumba ya pili tu, na huyo naye nadhani wanamtafutia namba.

Nikasema leo napiga. Vocha ya elfu mbili. Dakika 40 nasubiri kwenye laini, hapa kijiweni Magomeni, hii ya Mtwara mjini, redio iko juu ya benchi, watu kumi na nane kimya kama wanasubiri mwezi wa Idi. Muuza kahawa ameacha hata kugonga vikombe vyake. Nikapokelewa. Nikatoa salamu, nikasema napiga kutoka Mtwara, swali langu ni moja: tangu Ndanda, timu yetu ya Mtwara, ishuke daraja 2020, mbona hatusikii hata dakika tano za mpira wa Kusini, kila siku ndoa za watu?

Jamaa akacheka. Akamgeukia mwenzake, "Kumbe Mtwara nako kuna mtandao?" Halafu akasema, na hapa watu kumi na nane ni mashahidi wangu: "Baba, rudi ukabangue korosho, hapa tunajadili mambo mazito."

Akakata. Wakaweka muziki.

UKABANGUE KOROSHO.

Hivi anajua kubangua ni nini huyu? Mama yangu amebangua miaka na miaka, anakaa chini, gogo mbele yake, kirungu mkononi, moja moja. Yale mafuta ya ganda yanaunguza. Vidole vyake vimekuwa vyeusi, ngozi imetoka ikarudi, ikatoka tena, hadi siku tulipokwenda kusajili laini kwa alama za vidole mashine ikakataa. Kidole gumba, hamna. Cha shahada, hamna. Kijana wa kusajili akampangusa na kitambaa chenye maji mara nne, hamna kitu. Mama akawa anacheka kwa aibu, anaificha mikono kwenye kanga. Leo mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi, labda na bakuli la korosho za kukaanga mbele yake, anaifanya kazi ile kuwa tusi!

Na mambo mazito ni yapi? Suárez wa Uruguay alipomng'ata Chiellini wa Italia kule Natal, Kombe la Dunia 2014, sawa, jino lilikuwa uwanjani, FIFA ikamfungia mechi tisa za timu ya taifa na miezi minne nje ya soka, ongeeni mpaka mkauke. Lile ni jambo la mpira. Hili la sasa mpira uko wapi? Godoro tupu! Halafu mimi niliyeuliza mpira ndiye naambiwa nikabangue. Hewani. Mbele ya muuza kahawa.

Namtaka aombe radhi saa ile ile, kwenye kipindi kile kile, amwombe mama yangu. Sitaki aniombe mimi, amwombe mama.

#2 Tandahimba Kwetu
Pole sana mkuu. Ila elfu mbili nzima kumpigia yule? Si ungekula pweza na mchuzi wake.

#3 Mtoto wa Chuno
Nilikuwa nasikiliza. Mleta mada ile salamu yako ilitetemeka kama mbuzi aliyeona kisu. Nimecheka mpaka chai imenipalia.

#4 Mleta mada
Sauti haikutetemeka, ni mtandao. Mtu kaniambia nikabangue korosho wewe unaniletea habari za sauti?

#5 Binti Mikindani
Kaka zangu samahani, jana nililala mapema. Yule dada wa video ameshajibu?

#6 Mzee wa Saa Moja
Amejibu. Kaweka picha kavaa jezi ya jamaa, mgongoni namba ile ile. Fungua haraka kabla hajaifuta.

#7 Mleta mada
NYIE NDIO WATEJA WAKE! Nyie ndio mnaofanya mtu wa korosho aonekane takataka!

#8 Kiona Mbali
Mkuu hasira punguza, dunia nzima iko hivyo. Zouma, beki wa West Ham, 2022 alimpiga paka wake teke nyumbani kwake, video ikavuja. Kesho yake kapangwa na Watford, kila akigusa mpira uwanja mzima unazomea. Klabu ikamkata mshahara wa wiki mbili, Adidas wakamwacha, mahakama ikampa saa 180 za kazi za jamii na miaka mitano asifuge paka. Paka tu huyo. Wewe unashangaa ndoa?

#9 Mvuvi wa Feri
Eti paka! Juzi paka wa feri kaondoka na changu wangu mzima, niliyemwekea mteja, kilo na nusu. Nimemkimbiza mpaka kwenye mitumbwi. Huyo hakimu aje anikataze kufuga paka miaka mitano, nitamwandalia wali.

#10 Binti Mikindani
Paka wa feri hawana makosa, ninyi mnaacha samaki kwenye sakafu kama mmewatengea.

#11 Mvuvi wa Feri
Dada uje siku moja saa kumi na mbili alfajiri ndiyo uniambie sakafu ni ya nani.

#12 Ruangwa Damu
Mleta mada na wewe umeuliza vibaya. Mpira wa Kusini upo, umehamia kwetu Ruangwa, Lindi. Timu yetu Namungo fainali ya Kombe la FA 2020, makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika 2020/21. Nyie bakini na uwanja wenu wa Nangwanda mfanyie mikutano. Mchambuzi alikuwa sahihi, bangueni.

#13 Shangani Mashariki
Wewe wa Ruangwa shika adabu. Ndanda inaingia Ligi Kuu msimu wa 2014/15 ninyi mlikuwa wapi? Fainali yenyewe mlifungwa na Simba. Mmepanda ngazi juzi mnatukana waliowashikia ngazi.

#14 Ruangwa Damu
Kufungwa fainali si sawa na kuangalia fainali kwenye kibanda umiza.

#15 Kangomba Sitaki
Mnabishania mpira watu wazima! Nani hapa ameshalipwa? Nimepeleka gunia sita za korosho chama cha msingi, ushirika wetu, mnada umepita, naambiwa subiri. Stakabadhi naiweka chini ya godoro, imeshanata kwenye chaga.

#16 Tandahimba Kwetu
Wewe una afadhali una stakabadhi. Mimi salfa, dawa ya mikorosho, imenifikia maua yameshapukutika. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, umekula shamba zima, nimebaki na mabibo ya kutengenezea uraka, pombe yetu. Hilo ndilo sakata, siku tisa zote wangelizungumza hilo.

#17 Kangomba Sitaki
Hapo umesema ndugu yangu. Mimi mwaka jana salfa niliyopewa ilikuwa na mabonge, pampu ikaziba, nikaitengeneza mara tatu kwa pesa yangu.

#18 Mleta mada
Wakuu turudi kwenye mada tafadhali.

#19 Mtoto wa Chuno
Mada ipi, ya paka?

#20 Mzee wa Saa Moja
Dada kaifuta ile picha. Nimeihifadhi, anayeitaka aseme.

#21 Binti Mikindani
Mimi.

#22 Shangani Mashariki
Na mimi, ila msimpe wa Ruangwa.

#23 Mleta mada
Wamerudia kipindi usiku huu. Mama alikuwa jikoni, redio ya jirani iko juu. Amekuja ananiuliza, yule baba anayeambiwa akabangue ni nani, mbona sauti naijua. Sijamjibu.

#24 Kangomba Sitaki
Mpe pole mama. Huko kwenu mnada wa mwisho korosho za daraja la kwanza zimekwenda bei gani?

#25 Tandahimba Kwetu
Na za daraja la pili pia, kama unajua.