Tupeane uzoefu: RAM ya kompyuta ya mezani, GB ngapi zinatosha?

Mzee wa Steshenari: Wakuu, habari za leo. Nimemkuta kijana Kariakoo anabembelezwa achukue mashine ya mtumba yenye RAM (memori inayoshika kazi ulizofungua) ya GB 4 eti inatosha kwa kuchapa, nikakumbuka nilikopita. Nyie mmeweka ngapi, na kwa kazi gani?

Binti Kigogo: 4 siku hizi hapana. Fungua Chrome kurasa kumi na Excel uone. Anza na 8.

Kamera Mbili: Mkuu umenitonesha kidonda. Nahariri video za harusi, nilikuwa na 8, Ijumaa usiku na kesho yake familia inakuja kuchukua sendofu yao, kazi imefika katikati ikaganda, taa ya diski inawaka haizimi, Task Manager ya Windows inaonyesha memori 98%. RAM ikijaa Windows inahamishia mzigo kwenye diski, na yangu ilikuwa ile ya kuzunguka, hapo ndo umekwisha. Asubuhi fundi kaja na vipande viwili vya 16 bei poa, kachomeka, feni zinazunguka, kioo cheusi, pii pii pii. Mama wa bibi harusi kakaa kwenye benchi, mkoba mapajani, ananitazama tu. Kumbe RAM za seva, zile kompyuta za kuhudumia mitandao, zinaingia kwenye sloti vizuri kabisa ila bodi (motherboard) za kawaida hazizisomi. Fundi kazima simu!

Dogo wa Tabata: Duh, pole sana kaka

Fundi Mwaminifu: Msituchafue wote jamani. Stika iko wazi, PC3-12800R hiyo R ni ya seva, ya mezani inaandikwa U.

Kamera Mbili: Yaani mteja ndo asome stika? Nakulipa ya nini sasa?

Fundi Mwaminifu: Mwambie aliyekuuzia, si mimi.

Mama Ntilie Digital: Tuacheni hayo, mama alipata video???

Kamera Mbili: Alipata saa nane mchana, nilikimbilia kwa jirani mwenye mashine ya 32. Salio hakumalizia mpaka leo.

Mchagga Original: Kabla hujatoa hela angalia Windows yako. Shemeji aliongeza mpaka 8 ikaendelea kutumia tatu na ushee, kumbe Windows ni ya biti 32, zile za kawaida hazivuki GB 4 za RAM.

Binti Kigogo: Na chukueni 4 mbili, sio 8 moja. Zikiwa pacha zinasoma kwa pamoja, hasa kama huna kadi ya grafiksi, maana picha nayo inakula RAM hiyohiyo.

Dogo wa Tabata: Mi napinga, bodi ya sloti mbili ukizijaza kesho unaongezea wapi? Weka 8 moja, nyingine ikija hela ikija.

Mzee wa Steshenari: SSD kwanza, ile diski isiyozunguka, RAM baadaye. Dukani kwangu 8 na SSD inachapa kutwa nzima.

Kamera Mbili: Kuchapa sawa mzee, video chini ya 16 usijaribu.

Mama Ntilie Digital: Ikilia pii pii msikimbilie kununua, chomoa, sugua yale meno ya RAM kwa raba ya penseli, rudisha mpaka vibanio vilie ta.

Mgeni Njoo: Samahani wakubwa, RAM yangu ni ya kizazi cha DDR3, naweza kuweka ya DDR4?

Fundi Mwaminifu: Hapana mdogo wangu, kile kipengo hakikai sehemu moja. Ukilazimisha utavunja sloti.