Simu mpya ya bei chee au simu kali ya mtumba? Mi nasimama na mpya

Wadau kuna hoja nakutana nayo kila mara, kwamba mwenye hela ndogo akinunua simu mpya ya bei chee kaliwa, bora aongeze kidogo achukue simu kali ya miaka minne nyuma iliyotumika. Mi napinga, na napinga nikiwa nazijua hizi simu vizuri maana nimetumia tatu mfululizo.

Nianze na udhaifu wake, tena ule ambao hausemwi sana. Wengi wanalaumu RAM ila kinachozimaliza hizi simu mara nyingi ni storeji. Nyingi zinatumia eMMC, aina ya storeji ya polepole, wakati simu za juu zinatumia UFS ambayo ni ya kasi zaidi, na hiyo eMMC haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja, moja lazima isubiri nyingine, ndo maana apu zikianza kujiapdeti zenyewe hata kufungua meseji tu unakwama. Yangu ya kwanza ilikuwa RAM 2GB na storeji 32GB, miezi mitatu ikaenda safi kabisa, afu picha na video za magrupu zikajaa, ikafika mahali simu inaita lakini skrini haionyeshi nani anapiga wala pa kugusa nipokee, inaita mpaka inakata. Siku moja aliyekuwa anapiga alikuwa mtu wa kunipa kazi. Iliniuma sana.

Kingine ni maandishi ya kwenye boksi. Ukiona RAM 12GB kwenye simu ya bei ya chini soma yale maandishi madogo, utakuta ni 4 halisi jumlisha 8 za kukopa kwenye storeji hiyohiyo ya polepole. Kamera nazo zinapangwa tatu nyuma, ya 50MP ndo inapiga picha, nyingine ni 2MP au hata pungufu, zipo kujaza nafasi. Huku ni kumdanganya mtu aliyejinyima kupata hiyo hela na mi naona sheria zingepaswa kulikataza.

Sasa pamoja na yote hayo bado nasema mpya, na sababu kubwa ni betri. 5000mAh kwenye skrini ya 720 kwa 1600, pikseli zenyewe chache za kuwasha, unatoka asubuhi unarudi usiku chaji bado ipo. Ile ya mtumba betri yake imeshachoka hata kama bodi inang'aa, Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimetengenezwa kubaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa mizunguko 500, we piga hesabu ya miaka minne. Utasema nitabadilisha betri, sawa, lakini fundi akishaifungua ile gundi ya kuzuia maji haina uhakika tena, na ukiidondosha kioo kikapasuka ndo utajua bei ya vioo vya hizo simu. Na hapo sijagusia kununua simu ya wizi, au iliyofungwa na akaunti ya mmiliki wa kwanza, ambayo ukiirisiti tu inakudai paswedi usiyoijua.

Mpya ina waranti, laini mbili, sehemu ya memori kadi, na tundu la iafoni ambalo iPhone walishaliondoa tangu 2016.

Kwenye apdeti ndo wapinzani wangu wana nguvu, nakubali, kuna simu mpya kibao ambazo hazipati hata toleo moja jipya la Android. Ila mambo yanabadilika, Samsung Galaxy A16 ya 2024 imeahidiwa apdeti za miaka 6, na Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unazitaka simu zinazouzwa huko zipewe apdeti angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Wakati huohuo simu kali ya miaka minne nyuma nyingi zinakaribia mwisho wa ahadi zao au zimeshafika.

Msimamo wangu una masharti lakini. RAM 4GB halisi, storeji 128GB, na kabla hujalipa ujue apdeti za usalama zinaisha mwaka gani. Chini ya hapo hata mi siitetei.

Haya watu wa mtumba, nijibuni moja tu: ikizima wiki ya tatu, mnamrudia nani?