Mjadala: Mzazi asiye na WhatsApp apate vipi habari za skuli?

Wa Wete:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Skuli moja huku kwetu imeacha kupeleka barua kwa wazazi, matangazo yote ni kwenye grupu la WhatsApp. Jirani yangu ana simu ya kitochi. Kikao cha darasa la mtihani kikampita, akajua siku ya pili kwa mwanawe, aliyerudi kanuna kwa kuwa wenziwe wote walikuja na mtu.

Napinga, na si kwa sababu ya kitochi tu. Mtaniambia mazungumzo ya humo yamefungwa kwa ufunguo wa siri tangu 2016, anayasoma mwandishi na mpokeaji tu, hata kampuni haiyasomi. Kweli. Lakini kilichofungwa ni maneno. Nani kamwandikia nani na saa ngapi, hayo kampuni inayaona. Ni kama mtu aliyekaa barazani pako: ya ndani hayasikii, ila muulize nani kapiga hodi leo, atakutajia mmoja mmoja. Na Januari 2021 kampuni ilipotangaza masharti mapya, ilisema ukubali ndiyo uendelee kuitumia. Mzazi aliyelazimishwa na skuli atakataa vipi? Ziko programu huria za kuandikiana, zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziendesha, yeyote anaweza kuusoma. Hizo nazo tuzitazame.

Wa Mkoani:
Kaka, kwa heshima zote, watu wako huko. Bando dogo tu mtu anapata habari za skuli, za kikoba na za maziko. Ukituhamisha tutabaki mimi na wewe. Hizo programu huria, seva, ile mashine ya kupokea na kupeleka ujumbe, nani atailipia? Ikizima usiku nani ataamka?

Wa Mkunazini:
Swali la seva ni la haki, tusilipuuze. Ila hata hiyo WhatsApp huzima. Tarehe 4 Oktoba 2021 ilizimika karibu saa sita dunia nzima, pamoja na Facebook na Instagram, kwa kosa la mitambo ya kampuni hiyo hiyo moja. Mimi napokea wageni bandarini. Siku ile nilisimama bandari ya Malindi, hapa Unguja, na karatasi ya jina mkononi, mgeni sina njia ya kumpata.

Na tusichanganye mambo. Telegram msimbo wa programu yake ya simu uko wazi, wa seva hauko wazi, na mazungumzo yake ya kawaida hayafungwi mwanzo hadi mwisho. Signal msimbo wake unasomeka, lakini nayo inataka namba ya simu. Matrix ndiyo iliyo kama barua pepe: kila taasisi inaweza kuwa na seva yake na bado zikazungumza.

Wa Wete:
Dada wa Mkoani, simhamishi mtu. Anayeipenda abaki nayo. Ninachokataa ni kuwa mlango pekee. Tena kwenye grupu lile namba ya kila mama iko wazi kwa wote. Mke wa ndugu yangu alipigiwa usiku na mtu asiyemjua mpaka akabadilisha laini.

Jumamosi baada ya alasiri kamati inakaa. Nitaomba kila tangazo libandikwe pia kwenye ubao wa skuli na litumwe kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Mwenye hoja ya kunipinga ailete kabla ya hapo, nitaisoma kikaoni kama alivyoiandika.