Amelipiga msasa bamba la Dickens, kisha anasema amenisaidia

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu wakusanyaji, naandika huku mikono ikinitetemeka, kwa hiyo mtaniwia radhi. Yule muuzaji wa vitabu ambaye sote tunamfahamu, yule anayeweka kikombe cha chai juu ya majalada ya watu, amelipiga msasa bamba langu la kuchapia picha. Narudia kwa ajili ya wanaosoma haraka haraka: msasa, ule wa seremala, juu ya bamba la feleji lenye mchoro wa Phiz, mchoraji wa vitabu vya Dickens.

Asiyejua uzito wa jambo hili ajue kwamba Nonesuch Press, wachapishaji wa Uingereza, ilipotoa kazi zote za mwandishi Charles Dickens mwaka 1937 na 1938, ilinunua kutoka Chapman & Hall, wachapishaji wa Dickens, mabamba na vibao asilia vya picha, vikahesabiwa vikawa 877, na kwa sababu hiyo seti zilizotolewa ni 877 tu, ili kila mnunuzi apate vitabu 23 pamoja na kasha lililotengenezwa kwa umbo la kitabu, ndani yake mkiwa na bamba moja halisi. Hadithi zenyewe utazipata popote kwa bei ya chai na andazi. Bamba ndiyo roho ya seti.

Langu lilikuwa la riwaya yake ya Bleak House, tena miongoni mwa zile picha za giza ambazo Phiz alizitengeneza kwa mashine ya kupiga mistari myembamba mno, tindikali ikaula ule mstari mmoja mmoja, hata usiku na ukungu wa London ukaonekana kwenye karatasi. Mistari hiyo ina kina kidogo mno. Wino hukaa ndani yake, karatasi iliyoloweshwa hugandamizwa juu, nayo huunyonya wino ukatoka. Sasa ukiuparuza uso wa bamba, kinachoondoka ni picha yenyewe.

Naye akaparuza. Nilikwisha kulipa, akaomba muda wa kufunga mzigo, na muda huo akautumia kuparuza, akapangusa, akafunika kwa karatasi laini, kisha akaniwekea kijibarua: "Nimelikuta limejaa weusi, nimekusafishia bila malipo." Bila malipo! Bamba limepita vita vya pili vya dunia, London ikiungua, likaja kufia mezani kwa mtu mwenye msasa na moyo wa huruma. Linang'aa kiasi kwamba kinyozi angeweza kulitundika ukutani wateja wakajitazama. Nilipompigia simu alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba vitabu vyote 23 vipo, na kwamba kwa kuwa mimi si mchapaji, bamba ningelifanyia nini?

Fedha zinauma, lakini linalonikosesha usingizi ni hilo "bila malipo". Sina la kuomba kwenu. Nataka tu mjue kwamba mtu huyu yupo, kwamba ana msasa, na kwamba anajitolea.

Jalada Gumu

Pole sana mkuu, ingawa nimecheka hadi jirani amegonga ukuta. Huyo huyo aliniuzia Tess of the d'Urbervilles, riwaya ya Thomas Hardy, toleo la Limited Editions Club (klabu ya Marekani ya vitabu vya nakala chache) la mwaka 1956, moja kati ya nakala 1,500 zenye sahihi ya Agnes Miller Parker, aliyezichonga picha zake, na chini ya sahihi ile akaandika bei kwa kalamu ya wino. Nilipolalamika, alinikumbusha kwamba ameandika kwa mwandiko mzuri.

Mchapaji Mstaafu

Hasira zimemfanya mwanzisha uzi azungumze kana kwamba walio na chuma ndio peke yao wenye machozi. Picha za The Old Curiosity Shop na Barnaby Rudge, riwaya za Dickens zilizotoka katika jarida lake la kila wiki, Master Humphrey's Clock, mwaka 1840 na 1841, zilichongwa kwenye mbao ili zichapwe pamoja na maandishi, kwa hiyo tupo tulioangukiwa na kibao. Changu kimepasuka katikati kwa joto la chumba, na sijamfungulia mtu uzi.

Msomaji wa Usiku

Naomba kuuliza kwa heshima: katika vitabu hivyo 23, mkuu amekwisha soma vingapi?

Mwanzisha uzi

Swali hilo halihusiani na msasa.

Msomaji wa Usiku

Ahsante, nimepata jibu.

Bibi wa Rafu ya Juu

Wanangu, mnalilia kitu kinachokaa ndani ya kasha ambacho hakuna mgeni anayekiona. Seti yangu ya Nonesuch ilijalidiwa kwa vitambaa vya rangi mbalimbali, ikapendeza mno, mpaka mtu wa nyumbani kwangu alipoihamishia dirishani ili watu waione. Jua likaimaliza. Migongo yote imepauka, na sasa kuitofautisha David Copperfield na Little Dorrit lazima nivae miwani.

Jalada Gumu

Shikamoo bibi. Afadhali kupauka. Mimi nilinunua A Christmas Carol ya mwaka 1915 yenye picha za Arthur Rackham, nikakuta baadhi ya picha za rangi zimebanduliwa, bila shaka ziko kwenye fremu sebuleni kwa mtu, na muuzaji akaiita "nakala nzuri kwa umri wake".

Mwanzisha uzi

Naomba turudi kwenye msasa.

Mchapaji Mstaafu

Kabla hatujarudi, bibi atueleze dirisha hilo linatazama upande gani, maana jua la asubuhi halipaushi kitambaa kama la alasiri.

Kasha Tupu

Mimi ninalo kasha la seti hiyo, ila bamba lake liliuzwa peke yake kabla sijazaliwa. Mwanzisha uzi, kwa kuwa lako halina picha tena, utaniachia kwa bei gani? Ninahitaji tu kitu cha kujazia nafasi.

Bibi wa Rafu ya Juu

Linatazama magharibi, mwanangu. Nimeambiwa nitafute pazia zito, lakini nachelea vumbi lake. Mwenye kujua kitambaa kinachozuia jua bila kukusanya vumbi anieleze.

Jalada Gumu

Bibi, turubai.